Homa Ikishuka, Malaria Haijaondoka

Katika maduka mengi ya wilaya za Handeni na Korogwe, kuanzia Mkata na Segera hadi Mombo, dawa ya homa huuzwa pamoja na chumvi, sabuni na kiberiti. Muuzaji hukata kwa mkasi vidonge viwili au vinne, na mara nyingi mkato huo huondoka na jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mnunuzi huviita vyote Panadol, hata kama alichopewa ni aspirini au diklofenaki. Tumelizoea jambo hili mno hata hatulioni kuwa lina hatari.

Parasetamoli ni dawa njema ikitumiwa ipasavyo. Hushusha joto la mwili na kutuliza maumivu. Lakini haiui kijidudu hata kimoja cha malaria. Mtoto anayepewa jioni huweza kupata nafuu, akala na kucheza, na mama akalala kwa amani. Wakati huo huo vijidudu vinaendelea kuzaana katika damu yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, malaria huweza kuwa kali katika muda wa siku moja, na degedege likimpata usiku katika kijiji kilicho mbali na zahanati, saa zilizopotea hazirudishwi.

Mazoea haya yana historia yake. Klorokwini, iliyoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001, yenyewe ilikuwa na tabia ya kushusha homa, na watu wakazoea kupima kupona kwa baridi ya paji la uso. Baadaye ikaja SP, na mwishoni mwa 2006 dawa ya mseto. Dawa zilibadilika, lakini kipimo cha paji la uso kikabaki.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba kila homa ni malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali kumi za mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, uliwaangalia wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vijidudu katika damu. Waliosalia walikuwa na maradhi mengine, pengine nimonia au maambukizo ya damu. Korogwe, ambayo watoto wake walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria kuanzia mwaka 2009, haistahili kuendelea kutibu kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu na muda wa dakika ishirini hivi.

Sasa tuseme juu ya kiasi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, wala asimeze viwili kabla ya saa nne kupita. Mtoto hupimiwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10, basi, hutosheka na robo ya kidonge; nusu ni nyingi mno. Vijiko vya jikoni navyo havilingani, kwa hiyo atumie kile kilichomo katika boksi la dawa. Wengi pia hawajui kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na anayezichanganya huzidisha bila kukusudia. Kinachoharibika ni ini, na hatari iko katika ukimya wake: mgonjwa huweza kuonekana mzima siku ya kwanza, dalili kubwa zikaja siku ya pili au ya tatu. Aliyezidisha apelekwe hospitali mara moja, hata kama hajisikii vibaya, kwa maana dawa ya kuliokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Aspirini wasipewe watoto wenye homa. Mwaka 2019 homa ya dengi iliingia Tanga, na katika dengi aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu. Diklofenaki, ambayo watumishi wengi wa ofisini huimeza kila siku kwa ajili ya mgongo, huchimba vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Mama mjamzito asiiguse bila agizo la mganga.

Ndugu walimu, katika shule nyingi liko kabati lenye kopo la vidonge, na mwanafunzi anayelalamika kichwa hupewa viwili na kurudishwa darasani. Apewe, ikiwa lazima, lakini iandikwe saa na kiasi, na mzazi aarifiwe siku hiyo hiyo. Vinginevyo atampa tena jioni bila kujua. Mwenye homa apelekwe zahanati kupimwa. Kazi hiyo haihitaji fedha mpya. Inahitaji daftari moja na mwalimu wa zamu anayejua kulitumia.