Kamusi ni bahari, thesaurus ni hazina

UE ndiyo hiyo inakuja na madesa yamejaa kitandani, lakini kuna hoja imenikaa kooni tangu juzi, lazima niitoe.

Tulikuwa tunapiga stori hosteli, mshkaji mmoja akasema Kiingereza ni lugha ya wasomi, angalieni tu vitabu vyao vya rejea. Kuna "dictionary", kuna "thesaurus", kuna "encyclopedia". Sisi tuna nini? Kamusi. Ukitaka kingine unaongeza mkia tu, kamusi ya hiki, kamusi ya kile. Watu wakacheka sana. Mi naona alisema nusu kweli, nusu uongo.

Tuanze na uongo. Hayo maneno anayoyasujudia yote ni ya kukopa. "Dictionary" imetoka Kilatini, kwenye neno lenye maana ya kusema. "Encyclopedia" imetoka Kigiriki, maneno mawili yanayomaanisha elimu ya mzunguko mzima, yale masomo ya jumla ambayo mtu aliyeelimika alitakiwa ayapitie. "Thesaurus" nayo ni Kigiriki: ghala la kuwekea mali, hazina. Mwaka 1852 daktari mmoja Mwingereza, Peter Mark Roget, alichapisha kitabu chenye jina hilo, maneno yamepangwa kufuata maana badala ya alfabeti. Kikapendwa mno, na leo ukitaja "thesaurus" watu wanafikiria kitabu cha visawe, ghala limesahaulika.

Sasa njoo kwenye kamusi yetu inayodharauliwa. Kulikuwa na mwanachuoni anaitwa al-Firuzabadi, kazaliwa Uajemi mwaka 1329, kafia Zabid huko Yemeni mwaka 1415. Aliandika kitabu kikubwa cha maneno ya Kiarabu akakipa jina al-Qamus al-Muhit, yaani bahari kuu inayoizunguka dunia. Qamus ilikuwa bahari, jamani! Kitabu kikavuma hadi watu wakaanza kuita kila kitabu cha maneno qamus. Ni kama sisi dukani: unaomba Colgate, unapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa, na wala hugombi. Ndiyo neno hilo likatufikia. Mwaka 1935 Frederick Johnson alipotoa kitabu chake alikiita Kamusi ya Kiswahili, halafu akaongeza kwenye jina "yaani kitabu cha maneno". Naona alihisi wapo wasomaji ambao bado hawajalizoea.

Kwa hiyo Waingereza wana hazina, sisi tuna bahari. Nani kamzidi mwenzake hapo?

Lakini nusu ya kweli ipo, na ndiyo inayoniuma. Neno moja tumelibebesha mizigo yote kama punda wa Kirumba. Mfano mzuri uko hapa hapa ziwani: chukua neno sangara. Kamusi itakwambia ni samaki mkubwa wa maji baridi, basi, imemaliza kazi yake. Kitabu cha visawe kitakwambia Wakenya wanamwita mbuta, halafu kitakuwekea na jirani zake: sato, furu, kamongo, kambare, ningu, gogogo, dagaa. Ensaiklopidia ndiyo itakayokaa chini ikusimulie kwamba sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaja kuongezeka kwa fujo miaka ya 1980, akawala furu hadi aina nyingi zikapotea, na huku akatuletea viwanda vya minofu Mwanza, ajira, na mapanki ambayo kila mtu wa hapa anayajua. Hizo ni kazi tatu tofauti kabisa. Sasa mtu anayeziita zote kamusi anategemea mwanafunzi ajue vipi afungue kitabu gani?

Ndiyo maana sipendi "kamusi elezo". Kamusi inaeleza maneno, ile nyingine inaeleza mambo. Bora tubaki na ensaiklopidia, tumeshaizoea. Na "Kamusi ya Visawe" ya akina Mohamed, ya mwaka 1998, ni kazi nzuri sana, ila ningekuwa mimi mchapishaji ningeandika kwenye jalada HAZINA YA MANENO. Ni maana ile ile ya Kigiriki, na mtoto wa Sengerema anaielewa bila mwalimu.

Na tusisingizie kwamba Kiswahili hakina maneno. Fungua diwani za zamani, nyuma kabisa utakuta "sherehe". Siyo pilau! Ni maelezo ya maneno magumu, "glossary" ya huyo mshkaji. Tunalo, hatulitumii, halafu tunalia.

Tuliosoma shule za msingi za serikali tulikaa miaka saba na Kiswahili, kidato cha kwanza tukatupwa kwenye Kiingereza, na kitabu cha kutuokoa kilikuwa cha Kiingereza kwa Kiswahili. Tukakariri kwamba kamusi ni ya kutafutia Kizungu tu. Humu hosteli naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja wenye ya Kiswahili kwa Kiswahili.

Bumu likitoka mi nanunua. Kwa sasa, mwenye hiyo ya Visawe aniazime wikendi hii tu, nakala ya maktaba imeazimwa tangu mwezi uliopita na asaimenti ni Jumatatu.