Vitabu vya Wageni

Katika darasa moja hapa Nyarugusu kuna sanduku la chuma lenye kufuli. Ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi 43, vyenye picha za rangi, na kwa mwaka mzima ufunguo ulikaa kwangu. Niliuvaa shingoni kwa kamba, nikajiona mtu. Kila mwisho wa muhula nilijaza fomu: vitabu 43, vyote vipo, hali nzuri. Nilisifiwa.

Wageni wakija, tulifungua. Tulitandika mkeka, tukachagua watoto 20 wenye nguo safi, kila mmoja akashikishwa kitabu, picha zikapigwa. Gari likiondoka tulihesabu, tukafunga.

Siku moja, vumbi la gari halijatua bado, msichana wa darasa la tatu alinirudishia kitabu akaniuliza, "Kaka, hawa wageni wenye hivi vitabu watarudi lini?"

Nikamwambia si vya wageni, ni vyenu. Akacheka. Alidhani namtania.

Ndugu msomaji, mimi nimezaliwa humu. Kambi hii ilifunguliwa 1996, na sisi wengi wa umri wangu Kongo tunaijua kwa kusimuliwa tu. Nimesoma humu msingi hadi sekondari, na sikumbuki hata siku moja nimerudi nyumbani na kitabu cha hadithi mkononi. Halafu nikakua, nikapewa ufunguo, nikawafanyia wadogo zangu yale yale. Kwa hiyo ninaposema kuna kosa, najihesabu na mimi.

Darasa linasema na mtoto kabla mwalimu hajafungua mdomo. Letu lilikuwa linamwambia: kusoma ni kazi ya wageni. Tazama ukutani. Juu kabisa kuna nembo ya mfadhili. Chini yake kanuni: usichelewe, usipige kelele, usichafue. Maandishi ya mtoto, hata mstari mmoja, hakuna. Anakaa humo miaka sita na hajawahi kuona neno lake likibandikwa mahali. Halafu sisi wakubwa tunakaa mikutanoni tunaulizana, eti kwa nini watoto wetu hawapendi kusoma?

Majibu nayajua, maana niliyasema mwenyewe. Watavichana. Watu watafungia karanga. Watoto wako zaidi ya 100, vitabu 43 utavigawaje? Walimu wanaosema hivyo siwacheki. Wanafundisha asubuhi kundi moja na mchana kundi jingine, posho haifiki mwisho wa mwezi, na kitabu kikipotea wao ndio wanaoitwa. Na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Kitabu kikipotea, kuna mtu wa kuulizwa. Mtoto akifika darasa la tano hajui kusoma, haulizwi mtu. Kwa utaratibu huo, nani hatafunga sanduku?

Muhula uliofuata mimi na mwalimu mmoja tulifungua. Hatukuomba bajeti. Tulikusanya viroba vya unga vilivyokwisha, mama mmoja wa mtaani kwetu akavishona vikawa mifuko, tukavipanga kwenye kamba ukutani, chini, pale mtoto mdogo anapofikia bila kuomba. Upande wa pili tulipaka udongo mweupe, tukabandika vipande vya kartoni za mafuta. Tukawaambia watoto: andikeni mnachotaka, kwa chaki, kwa mkaa, kwa kalamu ukiwa nayo.

Mmoja aliandika barua kwa bibi yake aliyebaki Fizi. Mwingine aliorodhesha nyumbani kwao walipata nini siku ya mgao, na nini kilipungua. Mwingine akaandika kwamba mimi ni mkali na naongea sana. Tukaibandika hiyo pia. Na hapo niliona kitu: wale wa nyuma, ambao hawakuwahi kusogelea kitabu, walianza kukwamua herufi moja moja ukutani kwa sababu walitaka kujua mwenzao ameandika nini juu yao.

Mwisho wa muhula tulihesabu vitabu 38. Vitano havikurudi, na viwili kati ya vilivyobaki vilichanika. Niliitwa kujieleza. Kimoja kati ya vile vitano najua kilipo. Kiko kwenye nyumba moja, mtoto anamsomea mama yake ambaye hakusoma. Sikukidai. Kwenye fomu kimeandikwa "kimepotea".

Na unajua ni vipi vilivyobaki salama kabisa? Vile vya Kiingereza, vya watoto wanaocheza kwenye theluji. Shule zetu za Wakongo zinafuata mtaala wa Kongo. Mtoto wetu anaongea Kiswahili na Kibembe au Kifuliiru nyumbani, na shuleni anapambana na Kifaransa. Nani kamuuliza anataka kusoma nini? Vitabu hivyo bado viko hali nzuri. Fomu inavipenda sana.

Ndugu zetu wa mashirika, nawaheshimu, tena baadhi yenu mtasoma karatasi hii. Fomu yenu inauliza vitabu vingapi vipo. Iulize vimesomwa na nani. Iwekeni nafasi ya vitabu vilivyochakaa kwa kusomwa, na mwalimu asidaiwe hivyo. Kabla ya kuleta sanduku jingine, ulizeni lugha. Na mkija kutembea, msiombe kuonyeshwa vitabu. Ombeni kuonyeshwa vilivyochanika.

Na sisi wenyewe, wazazi na vijana, tusijifiche nyuma ya mashirika. Viroba ni vyetu, mkaa ni wetu, udongo ni wa bure. Mtoto akija na kipande cha kartoni alichoandika, usikitupe jikoni kuwashia moto kabla hujamwomba akusomee.

Ufunguo bado ninao, ila kufuli nimelitoa. Lile sanduku sasa wanalikalia wakisoma, maana madawati hayatoshi. Juzi nilimkuta yule msichana hapo, sasa yuko darasa la nne. Hakuuliza wageni watarudi lini. Alikuwa anagombana na mwenzake, zamu ni ya nani.