Risasi 6 dhidi ya 17: Webley ya kale na Glock ya leo zinavyotofautiana

Mwaka 2013 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliagiza bastola zaidi ya 25,000 aina ya Glock 17, kwa mkataba wa takriban pauni milioni 9. Zilichukua nafasi ya Browning, iliyotumika jeshini kwa zaidi ya miaka 40.

Lakini ukitaka kuona silaha hii imebadilika kiasi gani, rudi nyuma zaidi, hadi Webley. Hiyo ni rivolva iliyoingia jeshini mwaka 1887, na toleo lake la Mark VI lilibebwa na maofisa kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Risasi na uzito

Webley inabeba risasi 6 kwenye silinda inayozunguka. Zikiisha, unaikunja kwenye bawaba, maganda yote yanaruka nje kwa mpigo, kisha unaanza kujaza upya. Glock ina risasi 17 kwenye magazini ndani ya mpini. Zikiisha, unachomoa magazini, unachomeka nyingine, kazi inaendelea.

Mark VI ni chuma kitupu, karibu kilo 1.1 kabla hujaweka risasi. Glock ina fremu ya plastiki ngumu, na hata ikijazwa risasi zote haifiki kilo 1.

Mzee naye ana lake

Risasi ikigoma kulipuka kwenye rivolva, unabana triga tena tu. Silinda inazunguka na kuleta nyingine. Kwenye Glock, risasi ikigoma, lazima uvute sehemu ya juu kwa mkono wa pili ndipo uendelee.

Kisha kuna triga yenyewe. Ya Webley ni nzito, labda uvute nyundo kwanza kwa kidole gumba. Ya Glock ni nyepesi, na haina kitufe cha usalama cha kuzima kwa mkono. Usalama wake upo ndani, na unafunguka ukibana triga.

Somo kutoka New York

Hapo ndipo penye utata, na polisi wa New York waliuona mapema. Walipoanza kuachana na rivolva mwaka 1993, Glock zao ziliwekewa triga nzito, zaidi ya mara mbili ya kawaida, ili zikaribie rivolva walizozizoea.

Haikutosha. Februari 1999 polisi wanne wa jiji hilo walimfyatulia risasi 41 Amadou Diallo, kijana kutoka Guinea ambaye hakuwa na silaha. Risasi 19 zilimpata. Wawili kati yao walifyatua 16 kila mmoja. Mwaka 2000 mahakama iliwaachia huru wote wanne.

Kwa rivolva za risasi 6, wanne hao wasingevuka 24 bila kusimama kujaza. Hakuna anayeweza kusema Diallo angepona. Lakini kule kusimama, hata kwa sekunde chache, kunampa mtu nafasi ya kuangalia tena aliye mbele yake.

Kwa askari aliye vitani, Glock inashinda bila ubishi. Mtaani hesabu ni nyingine: Webley ilimlazimisha mshika silaha kusimama baada ya risasi ya 6. Mwenye Glock asipofundishwa kujizuia mwenyewe, bado ana 11 mkononi.