Gemu Feki Mnadani: Kagua Kabla ya Kuweka PIN

Pokémon Emerald ya Game Boy Advance ilitoka Marekani mwaka wa 2005 na haitengenezwi tena. Kaseti halisi, hata bila boksi, mara nyingi huuzwa zaidi ya dola 100 kwenye eBay. Sasa ukikuta nyingine inauzwa dola 20, mpya kabisa, na muuzaji anasema bado amebaki na zingine 40, tunakuomba uweke simu chini kidogo. Mtu atatoa wapi kaseti mpya 40 za gemu ya zamani hivyo?

Unaweza kutuuliza, nyinyi ni watu wa malipo, gemu zinawahusu nini? Zinatuhusu kwa sababu mteja akishauziwa feki, simu ya kwanza anapiga kwetu. Anataka pesa zirudishwe. Na wacha tuseme ukweli ambao kampuni za malipo huwa hazipendi kuuandika kwa herufi kubwa: huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyetuma kwa nambari sahihi kisha akaletewa bidhaa mbovu. Pesa ya simu ni kama noti uliyomkabidhi mtu mkononi. Jina linalotokea kabla hujaweka PIN linakuambia pesa zinaenda kwa nani, basi. Halikuambii kama kaseti aliyonayo ni ya ukweli.

Ndiyo maana msimamo wetu ni kwamba kazi yote ya ukaguzi ifanyike kabla ya kulipa, na usikubali kulipa nje ya mnada wenyewe. Muuzaji akikuambia mmalizane WhatsApp, atakupunguzia bei kwa sababu mnada unamkata ada, jua kwamba kile anachokupunguzia ni ulinzi wako. eBay wana utaratibu wa kumrudishia mnunuzi pesa kitu kikija tofauti na kilivyotangazwa, lakini ni kwa malipo yaliyofanyika ndani ya eBay. PayPal nao wana ulinzi wa mnunuzi, ila si kwa pesa zilizotumwa kama za rafiki au jamaa. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na laini yako, bado una mlango wa kulalamika. Ukituma moja kwa moja kwa nambari ya mtu, mlango umefungwa.

Turudi kwa kaseti yenyewe. Wengi wetu Kenya tulijua gemu feki enzi za PlayStation 2 iliyowekwa chipu, na CD zilizochomwa kwa kompyuta na kuandikwa jina kwa kalamu. Hizo hazikumdanganya mtu, kila mmoja alijua anachonunua na bei ilikuwa ya hivyo. Feki za mnadani ni tofauti kwa sababu zinavaa nguo za halisi na kudai bei ya halisi, au bei ya chini kiasi tu cha kukufanya ujione mjanja.

Kwa hizi kaseti za Game Boy Advance, mwombe muuzaji picha mbili. Ya kwanza iwe ya stika kwa karibu. Kaseti halisi huwa na nambari ndogo, kwa kawaida tarakimu mbili, iliyogandamizwa kwenye stika bila wino. Inaonekana ukiinamisha kaseti kwenye mwanga. Ya pili iwe ya upande wa chini, pale inapoingia kwenye mashine. Juu kidogo ya meno ya shaba, ukichungulia kwenye mwanya, bodi halisi huwa na neno Nintendo lililochapishwa. Emerald halisi pia ina plastiki ya kijani inayopenyeza mwanga. Rangi peke yake haitoshi, maana hata watengenezaji wa feki wanaijua.

Za Nintendo DS zina mtego wake. HeartGold na SoulSilver halisi zina plastiki nyeusi kwa sababu ndani kuna kifaa cha miale ya infraredi. Feki nyingi ni za kijivu kama kaseti nyingine za DS. Picha moja tu ya mbele na nyuma inatosha kukuokoa hapo.

Muuzaji mwenye kitu halisi hupiga hizo picha dakika mbili. Akikataa, au akikutumia picha ile ile ya kampuni iliyo kwenye kila tangazo, ondoka. Hatuoni haja ya kumbembeleza mtu akuuzie.

Kuna wanaosema, kama feki inacheza, shida iko wapi? Shida ni kwamba inacheza hadi siku ikatae. Feki nyingi hutumia betri kutunza pale ulipofika, na betri ikiisha, saa zako zote 60 za kucheza zimepotea. Emerald halisi betri yake ikiisha inakwama saa ya ndani tu, mchezo uliohifadhi unabaki. Tena feki nyingi hugoma kubadilishana Pokémon na kaseti nyingine, na ukitaka kuiuza baadaye, utaiuza kwa bei ya feki ama utamdanganya mwingine.

Jambo ambalo tunaona linawaumiza Wakenya zaidi ni muda. Wengi wetu hatuagizi mzigo ufike Nairobi moja kwa moja. Tunauelekeza kwa binamu Minneapolis au kwa shangazi London, ukae kwenye droo hadi atakapokuja Desemba. Kaseti ikifika mkononi mwako, siku 30 ambazo eBay huwapa wanunuzi kulalamika zilishaisha kitambo. Kwa mnada, mzigo ulifika siku ulipofika kwa shangazi. Hautambui safari ya pili.

Kwa hivyo usimwachie shangazi afunge tu bahasha kwenye begi. Mpigie simu ya video wiki hiyo hiyo, kwa heshima, umwombe afungue, aweke kaseti chini ya taa, akuonyeshe stika na ule mwanya wa chini. Kama hana mashine ya kuijaribu haidhuru, macho yanatosha. Ukiona dosari, fungua malalamiko siku hiyo hiyo kupitia akaunti yako ya mnada, na uambatanishe picha alizopiga. Usimwandikie muuzaji WhatsApp kuomba msamaha au nafuu. Wengi watakuvuta kwa maneno matamu, "nitakutumia nyingine wiki ijayo", mpaka siku ziishe.

Na ile SMS ya malipo usiifute. Ina nambari ya muamala, tarehe na kiasi, na ukitupigia au ukiwaandikia wenye mnada, hizo ndizo mtaulizwa kwanza.