Anza na Ramani, Nguo Baadaye

Wateja wangu hapa Mombasa wakijiandaa kwa safari ya meli ya kitalii huanza na nguo. Mimi, wakala wa usafiri, nasema tuanze na ramani. Chukua meli inayoondoka Barcelona, inapita Marseille na Genoa, inatia nanga Tunis, kisha inarudi Barcelona. Tunis iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo kurudi Barcelona ni kuingia upya. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aliyepewa viza ya kuingia mara moja ameshaitumia siku aliyoshuka uwanja wa ndege. Omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Inaniuma sana mzee aliyedunduliza miaka kuzuiwa bandarini kwa jambo ambalo aliyemuuzia tiketi angemweleza kwa dakika mbili. Sisi mawakala tulieleze kabla ya kupokea hela.

Dawa za presha na sukari zikae begi la mkononi. Masanduku makubwa hukabidhiwa gatini na huweza kufika chumbani jioni. Na ndege ya kwenda Barcelona iwe ya siku iliyotangulia, maana upandaji hufungwa mapema kabla ya meli kung'oa nanga.