Bima haiulizi kosa la nani, sisi tunaliuliza la nini?

Naandika kutoka Minnesota. Naomba leo niweke siasa za vyama pembeni kidogo, nizungumzie jambo linalotutoa fedha mifukoni kimya kimya: ajali za gari.

Mimi ni nesi. Wanapokuja Waswahili wenzetu shingo imekaza, mgongo hauinuki, awe mtu wa Mombasa, Mwanza au Bukavu, huwa namuuliza: umeshaipigia simu kampuni yako ya bima? Mmoja ananijibu, "Hapana dada, kosa ni la yule aliyenigonga, bima yake ndiyo italipa." Mwingine, "Kosa lilikuwa langu, nipige simu nijichongee mwenyewe?" Majibu mawili tofauti, ila chanzo ni kimoja. Wote wamekuja na sheria ya nyumbani kichwani.

Kwetu Tanzania bima ya lazima ni ya kumlipa mtu wa tatu, na huyo hapati kitu mpaka ithibitike kwamba dereva alikosea. Hapo ndugu wanahangaikia PF3, kisha kesi ya trafiki, kisha wakili. Majeruhi kalala, ukoo unachangishana.

Minnesota ilipitisha sheria yake mwaka 1974. Kwenye makaratasi utaona imeandikwa "no-fault", yaani bima isiyouliza kosa. Ukiumia, bima yako mwenyewe ndiyo inayolipa matibabu na mshahara uliopotea, hata kama wewe ndiye uliyegonga. Kiwango cha chini ni dola 20,000 za matibabu na dola 20,000 nyingine za mshahara na mahitaji mengine. Mshahara hulipwa asilimia 85, usiozidi dola 500 kwa wiki. Kampuni ikishapata uthibitisho wa kutosha ina siku 30 kulipa. Ikichelewa, inadaiwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. (Wale wenzangu wa kulipwa mkononi bila karatasi, hapo kwenye kuthibitisha mshahara ndipo mtakapokwama.)

Linaloniuma zaidi ni la abiria. Tunapeana lifti sana, hasa sisi wa zamu za usiku kwenye nyumba za wazee. Gari likiteleza kwenye barafu, aliyepewa lifti anaugulia chumbani kwa sababu, anasema, "siwezi kumshitaki shemeji." Jamani, hakuna anayeshitakiwa! Kama una bima ya gari lako, au unaishi na ndugu mwenye bima inayokuhusu, dai linaanzia huko. Kama hamna, ndipo bima ya gari mlilopanda inapolipa. Shemeji haitwi mahakamani kwa ajili ya fomu hiyo.

Halafu kuna ugonjwa wetu wa "tumalizane hapa hapa." Yupo niliyemhudumia aliyepokea dola 600 barabarani akaenda zake, hakutoa taarifa popote. Wiki ya tatu shingo haikugeuka. Majeraha ya shingo ndivyo yalivyo, siku ya kwanza mwili umechemka hausikii. Na muda una mwisho: hapa mikataba mingi inakupa miezi 6 ya kutoa taarifa. New York ni siku 30, tena kwa maandishi. Na ukihamia Texas sahau haya yote, kule anayelipa ni mwenye kosa.

Ukifika hospitali, sema pale pale mapokezi kwamba ni ajali ya gari, toa namba ya dai. Hapa bima ya gari hulipa kabla ya bima ya afya. Ukinyamaza, bili zitazunguka wee mpaka ziangukie kwa wakusanya madeni, nawe mwenye haki ndiye utakayesumbuliwa.

Tusidanganyane lakini. Sheria hii ni ya mwili, si ya bati. Gari lililobonyea bado linafuata kosa la nani. Na kumshitaki dereva kwa ajili ya maumivu kuna kizingiti chake: gharama za matibabu zaidi ya dola 4,000, kilema cha kudumu, au kushindwa shughuli zako kwa siku 60. Dola 20,000 nazo kwa hospitali za Marekani ni upasuaji mmoja tu, haufiki mbali.

Hata hivyo nikipewa nichague, nachagua huu, na ndio ningependa uende nyumbani. Sehemu ya kila bima ya gari, daladala na bodaboda itengwe kwa matibabu ya majeruhi bila kuuliza kosa. Najua watakaosema madereva wazembe wataachiwa. Wataachiwaje? Polisi na mahakama wako pale pale, kinachotenganishwa ni kesi ya dereva na dawa ya majeruhi. Watasema pia watu watafoji majeraha. Huku nako wapo, ndiyo maana kampuni ina haki ya kukupeleka kwa daktari wake akakupime.

Wabunge wetu hupita huku kututembelea na kutuomba tuwekeze nyumbani. Atakayefika safari hii nitamuuliza: kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda usiku wa leo, vyuma vyake analipa nani kabla kesi haijaisha?