Kibali cha Kuoshea Magari Kinyangiri: Tunamwadhibu Anayeomba

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani Kinyangiri, wilayani Mkalama, mpwa wangu aliniamkia haraka haraka, kisha akanikabidhi bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na hati ya mauziano ya kiwanja iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa mhuri, muhtasari wa kikao cha kikundi chao cha vijana watano, mchoro wa penseli, na nakala za barua tatu zilizokwenda katika ofisi tatu. Vijana hawa huosha pikipiki, Noah na Fuso. Maji huletwa kwa madumu juu ya mkokoteni wa punda. Povu na matope huachwa yaende yanakotaka. Sasa wanataka kupaboresha mahali hapo kwa sakafu ya zege, simtanki, pampu na shimo la majitaka. Barua zile zilikuwa za kuomba ruhusa.

Waliomba kwa sababu wanahitaji mkopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachoomba hakina budi kueleza kinafanya biashara gani na wapi. Vijana walipoeleza ni wapi, likafuata swali jingine: je, eneo hilo limepangwa kwa matumizi hayo?

Swali hilo ni halali, na aliyewauliza aliwauliza kwa heshima. Tatizo ni kwamba halina jibu. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inamtaka mwendelezaji aliye ndani ya eneo la upangaji apate ridhaa ya mamlaka kabla ya kujenga au kubadili matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ya kwanza inawaza mji wenye ramani. Ya pili inawaza kijiji cha mashamba na malisho. Lakini senta za vijijini tunazozijua leo, zenye mashine ya kukamua alizeti, fundi wa kuchomelea, maduka ya dawa na kijiwe cha bodaboda, zimekaa katikati ya sheria hizo mbili. Mtu atabadilije matumizi ya kiwanja ambacho hakijawahi kupangiwa matumizi yoyote?

Historia inatukumbusha kwamba dola yetu imewahi kujua kupanga vijiji kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya Watanzania walihamishwa na kupangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Makosa ya operesheni ile tunayafahamu. Ila inashangaza kwamba dola iliyoweza kumwambia mwananchi ajenge nyumba yake wapi, leo inashindwa kumwonyesha mwanawe mahali pa kuoshea magari.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kibali ni urasimu mtupu. Suala hili lilipofikishwa katika mkutano wa kijiji, mama mmoja mwenye bustani ya mchicha chini ya mteremko alisimama akasema, "Wanangu, siwakatazi kazi. Lakini povu lenu nalikuta kwenye mchicha wangu, na kisima ninachonywea kiko hapo hapo. Mkiweka pampu si ndiyo mtanimaliza?" Mkutano ulinyamaza. Yule mama, asiye na ramani wala shahada, alikuwa ameeleza kwa maneno machache sababu yote ya kuwapo kwa sheria za mipango: jirani asiangamizwe na riziki ya jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Pale Kinyangiri, aliyekuwa akilipa ni mwenye mchicha.

Vijana walimsikiliza. Mchoro wa penseli niliouona ni matokeo ya maneno yake. Sakafu imeinamishwa upande mmoja ili maji yote yaingie katika shimo la kwanza, mchanga utuame chini. Yanapofurika huingia shimo la pili, ambalo bomba lake la kutokea huanzia karibu na kitako. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hubaki yakielea juu ili yachotwe. Maji yaliyopungua uchafu huendelea hadi shimo la tatu, na humo huchotwa tena kwa kusuuzia matairi. Katika mkoa mkavu kama Singida, wenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuyatumia maji mara mbili ni jambo la lazima.

Basi mkutano ukaridhia. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini wakitaka kuchimba kisima cha biashara, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawataka waombe kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, na wakitaka kuyatiririsha majitaka, kibali kingine. Wakijenga karibu na barabara kuu au ya mkoa, hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kuna leseni ya biashara na kibali cha ujenzi. Kila takwa lina sababu yake, ila yakikutana, kila mlango unadai karatasi ya mlango mwingine.

Wakati huo huo, wapo wanaoosha magari chini ya mwarobaini bila barua, bila shimo, na bila kuulizwa na mtu. Ndipo mpwa wangu akaniuliza swali ambalo bado linanisumbua: "Mjomba, kwani tungekaa kimya ingekuwaje?"

Hapo ndipo penye hatari ya kisiasa, na ndiyo hoja yangu. Mfumo unaomwona raia pale tu anapojitokeza kuomba, na kumwacha asiyeomba, unafundisha ukimya. Kisha siku ya operesheni inapofika, kama ile ya kuwaondoa wamachinga mwaka 2021, tunawalaumu wananchi kwamba hawafuati sheria.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mpango wa MKUMBI ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 ulilenga kupunguza tozo na mamlaka zinazogongana. Ushuke sasa hadi senta ya kijiji. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wataalamu wa ardhi, maji, afya na mazingira wafike senta pamoja kwa siku inayojulikana, wakague mahali penyewe na kutoa jibu moja. Pili, halmashauri ziwe na mchoro mmoja wa mfano wa shimo la majitaka, utolewe bure. Atakayeujenga kama ulivyo asidaiwe mchoro mwingine. Tatu, pale ambapo hakuna mpango wa matumizi ya ardhi, ridhaa ya mkutano wa kijiji pamoja na ukaguzi huo vitoshe kwa kibali cha muda, hadi mpango utakapokuja. Kuchelewa kwa mpango ni deni la serikali, kijana asilipishwe.

Wanaharakati watauliza: je, hatutakuwa tumelegeza ulinzi wa mazingira? La. Tutakuwa tumeuhamisha kutoka kwenye faili na kuupeleka kwenye mteremko, yaani mahali yanakopita maji.

Siku ya kuondoka nilipita kuwaaga. Shimo la kwanza walikuwa wameshalichimba kwa majembe, kabla ya kibali. Kwa mujibu wa vitabu ninavyofundishia, wamekosea. Yule mama alikuwa amesimama ukingoni akiwaelekeza walipanue kidogo upande wa bustani yake. Mimi, mwalimu wa utawala, sikuwa na ujasiri wa kuwaambia walifukie.